Nilitafuta gia ya tano, nikapata kesi na maza!

Kama mambo yako ni poa, basi shukuru. Kwangu mimi ni nusu kwa nusu: mfuko umetoboka, mgongo unauma, lakini roho iko juu. Wiki hii naomba mniruhusu niziweke pembeni stori za wachumba na kumbi za starehe, niwape stori ya mkoko. Akina dada msifunue ukurasa wa pili, ndani yake kuna mambo ya familia pia, na mtanicheka mpaka mchoke.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnaujua ule mchuma wangu. Ni Toyota Corolla KE30, rangi ya maziwa yaliyochacha, milango minne, mmoja unafungukia ndani tu. Dingi aliununua mtumba mwaka 1986, akautunza kuliko alivyotutunza sisi watoto, na alipofariki mwaka 2019 wazee wakakaa kikao wakasema gari apewe yule kijana wa Dar, labda litamtuliza. Halikunituliza. Washkaji wa kijiweni Magomeni wanaliita Bibi, na kila nikipita wanaamkia: "Shikamoo Bibi!"

Bibi ana injini ya 3K, sentimita za ujazo 1166, yaani injini ambayo leo kuna pikipiki zinaishinda. Ana gia nne. Kwa safari za mjini hamna neno, maana kwa foleni yetu hii ukifika gia ya tatu unapiga makofi. Tatizo lilikuwa Morogoro. Maza yuko Moro, na kila baada ya wiki mbili nilikuwa naenda kumjulia hali. Ukishapita Kibaha barabara imefunguka, Bibi yuko gia ya nne, spidi 80, injini inalia kama mashine ya kusaga mahindi. Mkono wa kushoto unakwenda wenyewe kwenye liva unatafuta gia nyingine, haipo! Ukifika Msamvu masikio yanapiga filimbi mpaka usiku. Mshkaji mmoja aliniambia si uuze hilo dude upande basi. Siku hizi, tangu mwaka 2024, kuna treni ya umeme ya Dar hadi Moro, lakini haya ninayowasimulia yalitokea 2023, na hata hivyo mtu hauzi gari la marehemu baba yake kwa sababu ya makelele.

Shetani aliniingia kupitia mshkaji mwingine, ambaye ana Corolla KE70, ile ambayo wengi mtaani wanaiita DX. Alinipa lifti kwenda Bagamoyo. Tumefika huko mbele akaivuta liva, akaisukuma kulia juu, injini ikashusha pumzi. Jamani! Kama mtoto aliyepewa ziwa. Nikamwuliza nini hiyo, akasema kwa maringo, "Ya tano hiyo, kaka." Nilirudi nyumbani sikulala.

Nikaanza kudadisi. Nikaambiwa hivi, na hili ni kweli: KE70, iliyoanza kutoka mwaka 1979, nyingi zilikuja na injini ya 4K, ambayo ni ndugu wa damu na 3K yangu. Toyota walizitengeneza hizi K kama watoto wa tumbo moja: 3K, 4K, 5K. Ukubwa unatofautiana, lakini pale nyuma injini inapokutana na gia boksi, matundu ya bolti ni yale yale. Kwa hiyo gia boksi ya KE70 yenye gia tano, ile inayoitwa K50, inakaa kwenye injini ya Bibi bila ugomvi. Gia ya nne huwa ni moja kwa moja, injini ikizunguka mara moja na shafti ya nyuma inazunguka mara moja. Gia ya tano inaizungusha shafti ya nyuma zaidi ya injini. Tuseme ukiwa gia ya nne injini inazunguka mara 3,500 kwa dakika, ukiingiza ya tano kwa mwendo ule ule inashuka hadi kama 3,000 hivi. Mizunguko 500 kila dakika, kutoka Kibaha hadi Moro! Masikio yangu yakaanza kupiga hesabu yenyewe.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Badala ya kwenda na fundi, nilikwenda Gerezani peke yangu, nimevaa shati la kuchomekea, miwani ya jua, ufunguo wa gari nauzungusha kidoleni. Wauza spea mtumba wakiona mtu wa namna hiyo wanaanza kusukumana. Nikamwambia mmoja nataka gia boksi ya K, gia tano. Akanileta kwenye rundo la vyuma, akaipiga teke moja, "Hii hapa bosi wangu. Ya LiteAce, injini ilikuwa 5K. K ni K, bosi! Bolti zile zile." Na kweli kuhusu bolti hakudanganya. Laki mbili na nusu nikatoa bila hata kuomba apunguze sana, nikaipakia kwenye bajaji, nikaenda nayo hadi gereji Mwananyamala nikiwa nimeikumbatia kama mtoto.

Fundi wangu pale ni mtu mzima, amewahi kutengeneza hilo hilo gari enzi za dingi. Mimi namwita Mzee, yeye ananiita kijana, na akiniita mheshimiwa najua nimeharibu. Akaizunguka ile gia boksi, akaigeuza, akajipangusa mikono taratibu.

"Mheshimiwa," akasema, "liva utaiweka wapi?"

Nikatazama. Juu ya ile gia boksi, pale ambapo ya Bibi ina mdomo wa kuingizia liva, hakuna mdomo! LiteAce, mpenzi msomaji, ni kigari ambacho dereva anakalia injini. Gia boksi iko nyuma yake, kwa hiyo liva inakaa mbele na kuisukuma kwa vyuma virefu vinavyopita chini. Mimi kwenye Bibi ningevipitishia wapi vyuma hivyo? Inakaa kwenye injini vizuri kabisa, ila dereva hana pa kuishika.

"Kaa nayo sebuleni," Mzee akasema. "Weka na kitambaa cha kufuma."

Kesho yake tukarudi Gerezani wawili, nauli yake na ubwabwa wake juu yangu. Safari hii nilinyamaza. Ebwana, fundi anayejua kununua ni burudani kumtazama. Yule mwuzaji alitoa K50 ya KE70, ina liva yake juu, imepigwa mswaki inang'aa. Mzee hakuitazama mng'ao. Alianza na masikio ya bolti, akapitisha kucha kutafuta ufa na alama za kuchomelewa. Akashika shafti ya mbele, ile inayoingia kwenye klachi, akaitikisa juu chini: ikicheza sana ujue beringi imekwisha. Akaingiza gia moja moja kwa mkono, kila gia akaizungusha mizunguko mingi, sikio amelilaza kwenye chuma kama daktari. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano na rivasi. Kisha akaomba spana, akafungua nati ya chini, oili kidogo ikamdondokea kiganjani. Akaisugua. Oili kuwa nyeusi si kesi. Ikimeremeta vumbi laini la rangi ya dhahabu, hizo ni zile ringi za shaba za kulainisha gia, zinalika kidogo kidogo kwa uzee. Ukikuta vipande, hata kimoja cha ukubwa wa punje ya mchele, weka chini uondoke, hilo ni jino la gia. Yetu ilikuwa na vumbi tu. Mwisho akatoa mfukoni diski ya klachi ya Bibi, kumbe alikuja nayo, akaivisha kwenye meno ya shafti. Ikateleza ikaingia. Hapo ndipo aliponitazama akakubali kwa kichwa.

Bei ikawa laki tatu na ishirini. Ile ya LiteAce mwuzaji akakubali kuipokea kwa laki na nusu tu, laki nzima ikawa imeliwa na shati langu la kuchomekea. Nibakize laki moja na sabini. Mfukoni nina laki na kumi. Tukatazamana. Yule bwana akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Kwani ile ya zamani utaifanyia nini, bosi? Nipe hiyo, tumalizane."

Mzee akakohoa. "Kijana, kaa nayo hiyo. Mpya ikigoma utarudi na nini?"

Mimi nikawa nimeshaisikia gia ya tano masikioni. Nikasema poa, chukua. Jioni ile ile ya zamani ilipoteremshwa, kijana wa Gerezani alikuja na guta akaiondoa, na liva yake na kirungu chake juu. Mshikeni hapo hapo msomaji, nitarudi.

Kufunga sasa. Kila mtu kijiweni alikuwa ameniambia ni kazi ya asubuhi moja, ukinywa chai unakuta tayari. Upande wa injini ulikwenda kweli kama walivyosema. Mzee alibadili diski ya klachi, maana huwezi kuteremsha gia boksi halafu ukarudisha diski iliyolika kisa unabana elfu themanini. Akaweka na beringi ya klachi mpya na sili za oili. Akachungulia pale katikati ya flaiwili ambapo ncha ya shafti inaingia, akasafisha, akapaka grisi kidogo. Tukainyanyua, ikaingia, bolti zikashika. Nikaanza kucheza.

"Acha kucheza," Mzee akasema. "Mbele tumemaliza. Gari lina nyuma."

Mpenzi msomaji, hapo ndipo nilipojifunza kwamba gia boksi haikai kwenye injini peke yake. Hii ya tano ilikuwa ndefu kuliko ile ya nne. Liva ilitokeza nyuma ya tundu lake, ikabidi sakafu ya gari la dingi ikatwe kwa grainda, cheche zinaruka mimi nimefumba macho. Mpira unaobeba mkia wa gia boksi nao haukufika kwenye chuma chake cha mkingamo, ikabidi kitengenezwe kipande kingine cha kukisogeza nyuma. Na propela shafti, ile bomba ndefu inayopeleka mzunguko hadi kwenye difu, ikawa imezidi urefu. Ikilazimishwa hivyo hivyo, siku gari likipiga shimo na ekseli ya nyuma ikapanda, bomba linasukuma gia boksi kwa nguvu mpaka kitu kipasuke. Inatakiwa ile sehemu inayoteleza ndani ya mkia ibaki na nafasi ya kupumua, kama sentimita mbili hivi. Kwa hiyo bomba likatwe, liungwe.

Mzee akasema peleka kwa fundi wa kukereza vyuma mjini, anayejua kuunga na kupima mzunguko, ni kama elfu tisini. Kijana mmoja wa kuchomelea, jirani na gereji, akasema yeye elfu thelathini na saa moja. Pesa ile, niwaambieni ukweli sasa, ilikuwa ya kodi ya nyumba. Nilishaimega vibaya. Mzee alikuwa ameondoka kwenda msibani. Nikampa yule kijana.

Wiki mbili nikaendesha hapa mjini, gia zinaingia kama siagi. Nikipita kijiweni naingiza ya tano kwa spidi ya arobaini ili mradi tu waone, injini inatetemeka kama ina homa, na washkaji wanapiga kelele. Kuna siku nilisimamishwa kwenye eneo la spidi 50. Nikamwambia askari kwa kujiamini, afande, mshale wangu ulikuwa hamsini kamili. Akanionesha kipimo chake: 58. Nikalipa elfu thelathini kwa unyonge. Kumbe ndani ya mkia wa gia boksi kuna kigurudumu cha meno kinachozungusha waya wa spidi mita, na kimepangwa kufuata difu ya gari lake la kwanza. Difu ya Bibi hesabu yake nyingine. Mshale ulikuwa unanidanganya kila siku, na mimi nilikuwa nauamini.

Ikafika siku ya maza. Alikuwa Dar kwa matibabu ya macho, nikamwambia nitakurudisha mwenyewe, mama, utaona raha ya safari. Akakaa mbele, khanga kichwani, kikapu mapajani. Sikumwambia kitu. Nilitaka nimshitukize na ile gia ya tano, aseme, mwanangu, mbona gari la baba yako limekuwa kimya hivi?

Tulipopita Mlandizi nikaingiza. Sekunde kumi za peponi. Halafu sakafu ikaanza kunguruma. Si kelele hasa, ni mtetemo, unaanzia miguuni unapanda hadi meno. Nikipunguza hadi 60 unaondoka, nikifika 70 unarudi. Maza akashika kikapu. "Gari lina nini?" Nikasema barabara tu hiyo, mama. Nikajua naongopa, na nikaendelea. Hiyo ndiyo sehemu ya stori hii ambayo siipendi.

Karibu na Chalinze pakasikika mlio, ngwa! ngwa! ngwa!, kama mtu anagonga chini kwa nyundo. Nikatoka barabarani, miguu inatetemeka kuliko gari. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa amepaki akaja, akajilaza chini kwenye mchanga bila kuombwa, akanyamaza muda mrefu. Alipotoka alikuwa na nati moja mkononi.

"Huku nyuma ziko nne," akasema. "Hii imetoka, ya pili haimo kabisa. Mngekwenda kilomita chache mbele bomba linadondoka. Likidondoka la nyuma linaburuzika. Likichomoka la mbele linachoma lami, na gari linaruka. Nani aliunga bomba hili?"

Akanionesha. Kwenye propela shafti kuna krosi mbili, moja kila mwisho, na mikono inayozishika inatakiwa ikae usawa mmoja: wa mbele ukilala, na wa nyuma umelala. Maana kila krosi ikiwa imepinda kidogo inazungusha kwa kukimbia na kusita, kukimbia na kusita, na ile ya pili kazi yake ni kufuta kusita kwa ile ya kwanza. Yule kijana wangu wa elfu thelathini alikata, akageuza, akachomelea bila kuweka alama. Krosi moja inakimbia mwenzake naye anakimbia. Mtetemo wa namna hiyo ndio unaolegeza nati, hata ukazikaza vipi.

Mimi pale nilikuwa namtazama maza. Amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, anamenya chungwa, malori yanapita upepo unapeperusha khanga yake. Nikafikiria ile kilomita chache mbele. Nikahisi baridi saa saba mchana, Chalinze!

Yule dereva, Mungu ambariki, akatafuta nati mbili kwenye kopo lake, akazikaza, akasema usizidishe hamsini. Halafu akauliza kwa sauti, maza anasikia: "Kwani hii gia boksi si ya gari hili, ee?"

"Si yake," nikasema.

Maza akaacha kumenya. "Ya baba yako iko wapi?"

Jamani, nimewahi kuulizwa maswali na walimu wakuu, na mabosi, na hata baba mkwe mtarajiwa. Hilo lilishinda. Nikasema nimeitoa kama nyongeza. "Nyongeza ya nini?" Ya gia ya tano, mama. Akalitazama lile chungwa kama vile lilikuwa limeoza, akalirudisha kikapuni. Kutoka Chalinze hadi Moro kwa spidi ya hamsini, hakusema neno hata moja. Ukimya ule nilioutafuta kwa laki zote zile, niliupata.

Alizungumza usiku, tumeshakula. Akaniambia mwaka 1991 ile gia boksi ilikuwa inapiga kelele, pesa ya fundi hakuna, dingi akaiteremsha mwenyewe hapo hapo uani. Akaifungua juu ya gunia, usiku baada ya kazi, siku nne. Maza ndiye aliyekuwa anamshikia taa ya kandili, mimi nikiwa mgongoni. Dingi anatoa kila kipande, anampa, yeye anakipangusa kwa tambara na kukipanga kwa mstari juu ya mkeka, kisha wakarudisha kwa kufuata mstari ule. "Kipande kimoja kilibaki," akasema. Tukacheka kidogo hapo. "Baba yako akakiweka mfukoni, akasema hiki Wajapani walizidisha." Na gari likatembea miaka yote hiyo.

Nikakosa pa kuweka uso.

Niliporudi Dar sikwenda hata nyumbani. Bibi nilimwacha Mwananyamala, Mzee akateremsha lile bomba mwenyewe, akalitazama, hakusema mheshimiwa wala kijana, hakuniita chochote. Likaenda kwa fundi wa kukereza: kipande kipya cha bomba, alama ya chokaa imepigwa kabla ya kukata, krosi zimekaa usawa mmoja, na mzunguko umepimwa mashineni. Elfu tisini, ile ile ya mwanzo. Kigurudumu cha spidi mita tulitafuta kingine chenye meno tofauti, tukalinganisha mshale na simu mpaka vikasema kitu kimoja. Nikapiga hesabu ya mradi mzima, kuanzia gia boksi ya sebuleni hadi faini ya askari: laki saba na elfu sitini. Mwenye nyumba wangu anasoma gazeti hili, kwa hiyo sasa amejua.

Kuhusu gia boksi ya dingi, nilikwenda Gerezani, bila miwani. Yule bwana akanikumbuka, akacheka, akanionesha. Walishaifungua. Gia zake zilikuwa nzima, zikauzwa kwa mtu mwenye KE20 aliyekuja siku ya pili tu. Ganda lilikwenda kwenye mzani wa vyuma chakavu. Kilichobaki, ndani ya ndoo ya maliva ya kila aina, ni liva yake na kirungu cheusi chenye mchoro wa gia nne uliofutika nusu. Akataka elfu kumi na tano. Nilimpa, sikubishana, na wala sikuona kama ameniibia.

Nilimpelekea maza safari iliyofuata. Nilikwenda na Bibi, ya tano inaingia kuanzia Kibaha, na kweli kelele zimepungua, ingawa kwenye vilima vya baada ya Chalinze injini ile ndogo inaishiwa pumzi na inabidi urudi ya nne. Wese sikuona tofauti ya kujisifia. Nawaambieni hivyo ili msije mkanidai.

Maza aliichukua liva akaipangusa kwa upindo wa khanga, ingawa ilikuwa safi, niliisugua kwa petroli. Akakaa nayo kwenye mkeka. Maza hajawahi kuendesha gari hata siku moja maishani mwake. Lakini akaishika na mkono wa kushoto, kirungu kimekaa kiganjani, akaisukuma juu, akaivuta chini, akaipeleka pembeni juu, akaivuta tena chini, na katikati ya ile ya pili na ya tatu akasita kidogo. Nikamwuliza mbona amesita.

"Baba yako alikuwa anasita hapo," akasema. "Ilikuwa inakwama."

Sasa iko kabatini, kwenye glasi za wageni. Na mimi natafuta mtu wa Dar mwenye KE20 ambaye ya tatu yake inakwama. Ukimjua, mwambie apite kijiweni Magomeni aulizie mwenye Bibi. Tukutane wiki ijayo, mwenye nyumba akinibakiza.